Je, Huu ni Ungwana? Tunamkumbuka Mambo Mbotela, Mtoto wa Freretown



Wiki hii hatuna pishi wala mshono mpya. Tunataka tukae kitako tuzungumze historia, kwa sababu kuna mtu tunayempenda ambaye tunaona anakumbukwa nusu tu. Watu wanaikumbuka sauti yake na swali lake, ila ilikotoka sauti ile na kwa nini swali lile lilikuwa zito vile, hayo hayasemwi sana. Na sisi wanawake wa Chilangala, wilaya ya Newala, tuliokuja Unguja kutafuta riziki, tunaona habari yake inatuhusu kuliko wengi wanavyodhani.

Mtu mwenyewe ni Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Kenya, aliyefariki Nairobi tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84. Alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940. Mwaka 1964 aliingia Sauti ya Kenya, redio ya serikali ambayo baadaye imekuja kuitwa KBC. Mwaka 1966 akaanzisha kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? na kipindi hicho kikaishi zaidi ya miaka 50, kwanza redioni na baadaye kwenye televisheni. Fikirini, mtu anakisikia akiwa msichana, anakisikia akiwa mama, na anakisikia tena akiwa na wajukuu.

Wengi wetu tulimjua tulipofika hapa kisiwani. Nyumba za mjini zenye ndugu Mombasa hazikosi kusikiliza stesheni za kule, na mgeni anayekaa nyumba hiyo husikiliza kile kinachosikilizwa na wenyeji. Baadaye king'amuzi kikaja, kisha simu, na vipande vya kipindi vikawa vinatumwa kutoka mtu hadi mtu. Mmoja anakata kitambaa, mwingine anapinda, mwingine anabandua mkate wa kumimina, na sauti ya yule mzee iko chumbani kama ya mjomba aliyekuja kutembea. Alikuwa hagombi. Anakueleza jambo taratibu kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka, unacheka, na mwisho anakuachia swali lake: je, huu ni ungwana?

Mambo aliyoyataja yalikuwa ya kawaida kabisa, ya jikoni na barazani na ndani ya gari: mtu kuingia nyumba ya watu bila hodi, kuazima kitu asikirudishe, kupaza sauti kwenye simu penye watu, kwenda msibani akaanza kuulizia chakula. Hakuna aliyekuwa anatajwa jina, lakini kila mmoja alikuwa anamjua jirani anayefanya hivyo, na ukikaa vizuri ukajichunguza, ulijikuta na wewe umo. Ndiyo maana swali lile lilitoka redioni likaingia midomoni mwa watu. Leo mtu akirukwa kwenye foleni ya maji husema hivyo hivyo, hata kama mwenyewe hajapata kumsikia Mbotela.

Sauti iliyobebwa kwa bunduki

Jambo moja linaonyesha namna nchi yake ilivyokuwa inaiamini sauti ile. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Waliikamata stesheni ya redio, lakini waliona stesheni peke yake haitoshi. Walimfuata Mbotela nyumbani kwake, wakamchukua kwa nguvu, na wakamtaka atangaze kwamba serikali imeanguka. Akatangaza akiwa chini ya mtutu wa bunduki. Majeshi ya serikali yalipoikomboa stesheni siku hiyo hiyo, yule yule Mbotela akatangaza kwamba serikali ipo.

Hebu tulitafakari hilo. Waasi walikuwa na silaha na walikuwa na mitambo. Walichokosa ni mtu ambaye akisema, mama aliyeko nyumbani ataamini, na mtu huyo alikuwa mtangazaji aliyezoeleka kwa kuuliza mambo ya adabu. Imani ile ilijengwa kidogo kidogo, kwa kuongea na watu kwa heshima, wiki baada ya wiki, juu ya mambo yanayoonekana madogo.

Sisi wa Tanzania tunalielewa hilo. Nasi tulikuwa na watu wetu. Wakubwa zetu wakimtaja Deborah Mwenda na kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, macho yanawang'aa kama watoto. Julius Nyaisangah, Uncle J, alipofariki Oktoba 2013, nyumba nyingi ziliona zimefiwa na mtu wa nyumbani. Bara ilikaa bila televisheni mpaka ilipofika mwaka 1994, wakati hapa Zanzibar televisheni ya rangi ilikuwapo tangu miaka ya 1970 mwanzoni. Huko kwetu kusini redio ndiyo iliyolea watu, redio ya betri inayoanikwa juani ili betri zipate nguvu. Kwa hiyo tunapomwita Mbotela mtu wa televisheni, tujue kwamba mapenzi yake yalianzia kwenye sauti. Sura ilifuata baadaye.

Freretown ni wapi, na waliokaa pale ni nani

Sasa tuingie kwenye kiini cha habari yetu.

Freretown iko Mombasa, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa, upande wa Kisauni. Jina linatokana na Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyekuja Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Sayyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Mkataba ulitiwa saini mwezi wa Juni mwaka huo, na soko la watumwa la hapa Mkunazini likafungwa. Lakini kufunga soko hakukumaliza biashara. Majahazi yaliendelea kupita usiku, na manowari za Waingereza zikawa zinayakamata. Waliokamatwa humo walikuwa watoto na vijana ambao hawakuwa na njia ya kurudi makwao. Wangerudi wapi, na njia nzima ina wawindaji? Mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa la Kiingereza wakaanzisha kijiji pale Mombasa ili watu hao wapate pa kukaa. Waliweka na kengele ya kuwatahadharisha watu hatari inapokuja, na mpaka leo sehemu ile inaitwa Kengeleni. Wakazi wake waliitwa Wamisheni.

Mambo Mbotela ni wa kizazi hicho. Wazee wake walitekwa pande za Ziwa Nyasa, wakapitishwa njia ya watumwa hadi pwani, na wakakombolewa. James Juma Mbotela wa ukoo huo aliandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, akisimulia jinsi watu hao walivyotekwa na walivyopata uhuru wao. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa ambavyo mtu wa Afrika Mashariki mwenyewe, wa kizazi cha waliotekwa, aliieleza habari hiyo kwa Kiswahili.

Na sasa lishikeni neno lenyewe, uungwana. Leo tukisema mtu muungwana tunamaanisha mwenye adabu, mpole, asiyemvunjia mwenzake heshima. Zamani maana yake ya kwanza haikuwa hiyo. Muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Katika miji yetu ya pwani watu walipangwa kwa ngazi: waungwana juu, watumwa chini, na kati yao wazalia, yaani watumwa waliozaliwa hapa hapa. Aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za mji, aliitwa mjinga. Ndiyo, neno hili hili tunalowatupia watoto wakikosea hesabu lilikuwa ni jina la mtumwa mgeni.

Hata methali tunazosema bila kufikiri zina alama ya mambo hayo. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mja ni mtumwa. Methali inasema kwamba mtumwa kazi yake ni maneno, na mtu huru ndiye anayetenda. Sisi siku hizi tumekata kipande cha mwanzo tukabaki na kile cha mwisho, muungwana ni kitendo, na tukakigeuza maana. Tumefanya vizuri kukigeuza. Lakini ni vyema tujue kilikotoka.

Kwa hiyo, mtu ambaye wazee wake walishushwa pwani wakiwa bidhaa, ambao kwa hesabu ya mji wa wakati huo hawakuwa waungwana na wasingekuwa waungwana, ndiye aliyekaa mbele ya taifa zima kwa nusu karne akiwauliza watu wote, wakubwa kwa wadogo, wenye majina na wasio na majina: je, huu ni ungwana? Watu wakanyamaza, wakajitazama. Hakuna aliyemwambia wewe ni nani hata utuulize sisi.

Hatusemi kwamba mwenyewe alikuwa anafanya hivyo kwa kusudi la kulipa kisasi cha historia. Hilo liko moyoni mwake na kwa Mola wake. Tunasema tu kwamba jambo lilitokea, na ni zuri. Neno lililowafungia nje wazee wake, yeye alilichukua akaligawa kwa kila mtu bure, kwa sharti moja tu: matendo yako.

Na huko kwetu je?

Sasa mtauliza, Chilangala inaingiaje hapa? Inaingia sana.

Mwaka mmoja tu baada ya Freretown, yaani 1876, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, waliokuwa wakikaa Mbweni, hapa hapa kisiwani. Wakavuka kwenda Lindi, wakapanda bara, na wakaanzisha makazi Masasi. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na makwao, maana wengi walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa. Kwa hiyo Masasi na Freretown ni kama ndugu wawili wa matumbo mbalimbali. Wa Freretown walibaki pwani, wa Masasi wakarudishwa. Njia iliyowatoa mababu wa Mbotela ndiyo ile ile iliyopita chini ya mlima wetu kuelekea Lindi, Mikindani na Kilwa.

Sisi wa juu ya uwanda wa Makonde tulikuwa na kinga yetu. Ilikuwa ni vichaka. Mjerumani mmoja, Karl Weule, alifika Newala mwaka 1906, akashangazwa na vichaka vizito vya juu ya uwanda na uhaba wa maji. Watu walikaa mbali na maji, na wanawake walishuka bondeni na kupanda mlima na vyungu vichwani. Mgeni anaweza kuona kwamba hao ni watu wasiojua kuchagua pa kukaa. Mwenye kujua anaona kwamba kichaka na mteremko ndivyo vilivyowazuia wawindaji wa watu na vita. Bibi zetu walilipa kwa miguu yao gharama ya watoto wao kutouzwa. Shida hiyo ya maji iliendelea miaka mingi, mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza miaka ya 1950, na hata leo ndoo bado zinajua habari zetu.

Huyo Weule, kwa faida ya mazungumzo yetu ya leo, alikuja na mashine mbili za ajabu: moja ya kunasa sauti kwenye nta, na nyingine ya kupiga picha zinazotembea. Alinasa nyimbo za watu wa Masasi na Newala na kupiga picha ngoma zao. Kwa hiyo sauti na sura za watu wetu ziliingia mashineni mwaka 1906, zikapelekwa Ujerumani zikakae makumbusho. Tulitangulia kuwa watu wa kutazamwa. Kuwa watu wa kusema ndani ya mashine, tena kusema kwa wengine, hilo lilichukua muda mrefu zaidi.

Na uhuru wa Masasi nao haukuwa wa kudumu kirahisi. Mwaka 1882 wapiganaji wa Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi. Watu waliokwishakombolewa mara moja wakatekwa tena. Misheni ikahama kwa muda kwenda Newala, kwa Mfalme Matola wa Wayao, aliyewapokea. Hapa ndipo tunapoona kwamba kupokea mgeni aliyekimbia ni jambo lenye mizizi kwetu.

Kuna na mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi inavyostahili. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akakombolewa na kulelewa hapa Unguja katika shule ya Kiungani. Akatumwa kufanya kazi Chitangali, huko huko kusini, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni yake. Wasomaji wetu Waislamu msinune. Tunalieleza kama historia, kwa sababu linatuonyesha mtoto aliyekuwa mali ya watu anageuka mtu anayesikilizwa. Ndiyo habari ya Mbotela hiyo, iliyotangulia kwa miaka 70 na zaidi.

Sauti nyingine tatu za kuweka pamoja

Kwa upande wa dini yetu hatuna haja ya kwenda mbali. Sayyidna Bilal bin Rabah, Allah amuwie radhi, alikuwa mtumwa Makka, aliyeteswa juani kwa sababu ya imani yake, kisha akakombolewa. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alipotaka mtu wa kuwaita watu kwenye sala, hakumchagua mwenye nasaba kubwa ya Kikureshi. Alimchagua Bilal kwa sauti yake na imani yake. Na inasimuliwa kwamba sahaba mmoja alipomtukana mwenzake kwa kumtaja mama yake, Mtume alimwambia kwamba ndani yake bado kuna ujahili. Na Suratul Hujurat, sote tunaijua, inakataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na inatufundisha kwamba mbora wetu mbele ya Allah ni mcha Mungu wetu. Hatuna aya ya ukoo bora.

Hapa kisiwani tuna Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kwa wazazi wa kizazi cha utumwa, na jina lake la utotoni likawa Mtumwa. Alikuwa muuza vyungu. Akafika mjini, akaimba, akaitwa Siti, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri zilizoenea pwani yote. Watu walimcheka asili yake na sura yake, lakini santuri wakanunua.

Na sauti ya tatu ni kanga. Sisi ni watu wa nguo, mtusamehe. Mwanamke mtumwa hapa Zanzibar alivaa merikani au kaniki, na mavazi yalimtangaza kabla hajafungua mdomo. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, na masuria nao wakaachiwa kwa sheria mwaka 1909, wanawake wengi waliziacha kaniki wakajifunga kanga. Ilikuwa ni kusema bila kusema kwamba mimi sasa ni mtu wangu mwenyewe. Kila tunapopinda upindo wa kanga tunashika historia hiyo mkononi. Baadaye zikaja kanga zenye maandishi, mwanamke akapata na mahali pa kuandika jibu lake.

Bilal, Siti na Mambo Mbotela ni watu watatu wa zama tofauti na imani tofauti. Kinachowakutanisha ni kwamba wote watatu walisikika kuliko waliowadharau.

Swali linalotuhusu sisi leo

Tungeweza kuishia hapa, tukasema Mungu amlaze pema Mzee Mbotela, tukaenda zetu. Lakini kumkumbuka mtu kwa kumsifu tu, na swali lake tukaliacha mlangoni, nako si uungwana.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2016, Wamakonde wanaokaa Kwale, pwani ya Kenya, walifunga safari kwenda Nairobi, sehemu ya njia kwa miguu, kudai vitambulisho. Wazee wao walikuja kutoka Msumbiji na huku kwetu kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa tangu miaka ya 1930. Watoto na wajukuu wamezaliwa pale, wamesema Kiswahili cha pale, na kwa miaka yote hiyo hawakuhesabiwa kuwa ni watu wa pale. Bila kitambulisho mtu hafungui akaunti, haandikishi simu, na haajiriwi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Zamani mtu aliulizwa muungwana au mtumwa. Siku hizi anaulizwa una karatasi au huna. Swali limebadilisha nguo.

Na hapa visiwani je? Tuseme kwa upendo, maana hapa ndipo tunapokula na kulala, na wema wa watu wa Unguja kwetu hatuwezi kuumaliza. Wapo waliotupa chumba bila kodi ya mwezi wa kwanza, wapo waliotuletea futari tukiwa wageni hatujui hata duka liko wapi. Lakini wapo pia mabinti wa kusini waliochumbiwa na vijana wazuri, wenye dini, na mambo yakaishia pale alipouliza mtu, huyu ni wa ukoo gani? Likasemwa jina la Kimakonde au la Kiyao, chai ikanywewa, na wale wageni hawakurudi tena. Tumekaa na mabinti hao. Tumewashonea nguo za harusi ambazo hazikuvaliwa.

Tena tusijifanye sisi ni malaika. Huko huko kwetu mlimani tunaulizana asili. Zimo koo zinazonong'onwa kwamba mama yao alinunuliwa, kwamba walikuja na msafara, kwamba si wa hapa. Miaka 140 imepita, na mtu bado anabebeshwa kosa la aliyemteka bibi yake. Aibu ya kuuzwa tumempa aliyeuzwa, na aliyeuza jina lake limesahaulika. Mzee angetuuliza nini hapo? Mnajua wenyewe.

Kama dini ndiyo kipimo, basi mafundisho yako wazi: akija mtu ambaye mnaridhika na dini yake na tabia yake, muozeni. Kufu inayozungumzwa na wanazuoni ina mjadala wake na wenyewe wamehitilafiana, na hatutaki kuingilia elimu ya watu. Lakini hakuna mwanachuoni aliyetuambia tumcheke mtu kwa sababu bibi yake alifungwa mnyororo.

Sisi tuliyonayo ya kupendekeza ni madogo, ya ukubwa wa kipindi cha Mbotela. Mtoto wako akimwita mwenzake mjinga, mwambie neno hilo lilikuwa jina la nani. Akija mgeni kutoka bara, muulize jina lake na amekula nini, la asili litakuja lenyewe. Wazee wetu walio hai wakikubali kusimulia walikotoka wazazi wao, tuwarekodi kwa simu hizi hizi tunazorekodia harusi, na wakikataa tuwaheshimu. Na ikija posa, tuulize sala, kazi na tabia, kisha tunyamaze.

Mzee Mbotela amezikwa na kipindi chake kimekuwa historia. Kengele ya Freretown bado ipo mahali pake. Ilipigwa zamani kuwaambia watu waliokombolewa kwamba hatari inakuja, wajihadhari wasitekwe tena. Pale karibu yake alizaliwa mtoto aliyekuja kuwa kengele ya namna nyingine, ya kutuamsha tusitekane wenyewe kwa wenyewe kwa maneno na dharau.

Mungu amrehemu, na atupe sisi uungwana wa vitendo. Tuandikieni na nyinyi: mtangazaji gani alikulea kwa sauti yake, na alikufundisha nini? Tutayasoma yote, inshallah.